Shaaban, Ngũgĩ, Baldwin au Kimmerer: uanze na nani kusoma insha?

Mpwa wangu aliniandikia saa nne usiku: "Shikamoo mjomba. Nataka kuanza kusoma insha, zile za watu wazima, siyo za mtihani. Nina hela ya kitabu kimoja tu. Nianze na nani?" Nikamjibu marahaba, nitakwambia kesho. Kesho ikawa wiki mbili. Kila nilipoandika jina, nililifuta.

Neno lenyewe limeharibiwa na shule. Ukisema insha, mtu anakumbuka karatasi ya mtihani, "Siku ambayo sitaisahau", utangulizi, kiini, hitimisho, na mwalimu anayehesabu maneno kwa ncha ya kalamu nyekundu. Montaigne, Mfaransa aliyeupa uandishi huu jina huko Ulaya mwaka 1580, aliziita kazi zake majaribio. Neno letu limetoka Kiarabu, na asili yake ni kuanzisha kitu, kukitunga. Yote mawili nayakubali: mtu anajaribu wazo mbele ya macho yako, hajui litamfikisha wapi, nawe unamfuata uone kama atatoka mzima.

Basi mezani nimeweka wanne. Shaaban Robert wa Tanga, Ngũgĩ wa Thiong'o wa Limuru, James Baldwin wa Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, na Robin Wall Kimmerer, mtaalamu wa mimea kutoka taifa la Wapotawatomi, wenyeji wa asili wa Marekani. Wote wanahangaika na mambo yaleyale: mimi ni nani, nasema kwa lugha ya nani, naishi na nani, na huu mti ulio nje ya dirisha ni nani wangu. Wanapoachana ni pale kila mmoja anapomweka "mimi". Katika Kiswahili ni silabi moja tu, ni-, imebanwa mwanzoni mwa kitenzi. Ila kwenye insha silabi hiyo ndiyo inayoamua kama utafungua ukurasa wa pili.

Aliyejificha na aliyejianika

Shaaban alizaliwa mwaka 1909, akaingia ukarani wa forodha mwaka 1926, na sehemu kubwa ya maisha yake akala mshahara wa serikali ya mkoloni. Kielezo cha Insha kilichapwa Johannesburg mwaka 1954, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Ukimsoma utakutana na "mtu", utakutana na "binadamu". Shaaban mwenyewe haonekani sana. Anapima jambo kama muuza kitambaa wa zamani anavyopima kwa dhiraa, sentensi upande huu, sentensi upande ule, mpaka pande zote mbili zilingane. Nathari yake ina mizani hata pale ambapo hajadai kuandika shairi.

Sitaficha, zipo kurasa zake ninazozipita mbio. Anahubiri. Lakini mfikirie karani mweusi wa miaka ya 1950: angeandika waziwazi kwamba bwana wake wa kizungu amemchosha, halafu Jumatatu aripoti kazini? Naona "binadamu" wake ni kanzu, imemsitiri. Ukitaka kumwona bila kanzu, tafuta Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, au shairi alilomtungia mkewe Amina aliyefariki, au barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, ambazo TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizitoa kitabu mwaka 2002.

Baldwin hana kanzu. Insha iliyokipa jina kitabu chake cha 1955, Notes of a Native Son, inaanza na baba yake kufa tarehe 29 Julai 1943, siku hiyohiyo mtoto wa mwisho wa nyumba anazaliwa. Mazishi yanaangukia siku Baldwin anatimiza miaka 19. Usiku Harlem inalipuka kwa ghasia, na asubuhi wanampeleka mzee makaburini huku gari likipita juu ya vioo vilivyovunjwa. Mwandishi mwingine angeona hapo amepata mkasa wa kutosha. Yeye anaingia ndani zaidi. Anarudi nyuma kidogo, kwenye mkahawa mmoja wa New Jersey, mhudumu wa kike anamwambia hapa hatuwahudumii Weusi. Baldwin anajifanya hasikii vizuri ili msichana asogee, kwa sababu anataka amfikie shingo. Msichana hasogei vya kutosha. Anachukua kikombe cha maji kilichojaa nusu na kumrushia. Kinamkosa, kinavunja kioo kikubwa nyuma ya kaunta.

Sasa angalia anachokifanya na tukio hilo. Angeweza kukaa upande wa aliyeonewa, na haki hiyo anayo. Badala yake anajiweka kizimbani: angeweza kuuawa usiku ule, na angeweza kuua, na hatari hiyo ilikuwa ikitoka kwenye chuki aliyoibeba moyoni. Baba yake aliyemchukia aliibeba chuki hiyohiyo mpaka ikamla akili. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilielewa insha inaweza kufanya nini. Nilikuwa kwenye basi la Dodoma, nikapitiliza kituo.

Jamii nayo anaiona kupitia mwili wake mwenyewe. Mwaka 1953 aliandika juu ya kijiji cha Leukerbad, milimani Uswisi, ambako hakuna aliyekumbuka kumwona mtu mweusi kabla yake. Watoto wanamkimbilia barabarani wakimwita kwa rangi yake. Watu wanamgusa nywele kama wanaogopa kupigwa na umeme. Msomaji wa kwetu lazima atacheka kidogo hapa, maana ni nani asiyemjua mtalii anayepita kijijini huku nyuma kuna kundi la watoto, "Mzungu! Mzungu! How are you!" Baldwin amelifikiria hilo pia, na anakujibu kabla hujafungua mdomo: mzungu wa kwanza kijijini Afrika alikuja kutawala na kubadili dini za watu, na mshangao wa watu akauchukua kama heshima yake halali. Mweusi anayefika Leukerbad anakutana na watu ambao tayari wameshamtawala bila kumwona. Mke wa mwenye baa anamwambia kwa furaha kwamba mwaka uliopita kijiji kilichanga fedha za misheni na "kununua" Waafrika sita au wanane. Baldwin anajilazimisha kuonyesha mshangao na furaha. Hiyo furaha ya kujilazimisha imenikaa kooni miaka yote hii.

Kifungo

Ngũgĩ anamtumia "mimi" kwa namna ya tatu: anajileta kama shahidi. Katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, anasimulia shule ya utoto wake. Aliyekamatwa akisema Kikuyu alichapwa fimbo tatu hadi tano matakoni, au alivishwa kibao cha chuma shingoni kinachomtangaza kuwa mjinga au punda. Na ukamataji wenyewe uliachiwa watoto. Asubuhi mmoja anapewa kifungo, anamkabidhi wa kwanza atakayemsikia akisema lugha ya mama, huyo naye anatafuta wake. Jioni aliyebaki nacho anataja aliyempa, na aliyempa anamtaja wake, mpaka wahalifu wote wa siku nzima wapatikane. Watoto wanafundishwa kuuzana.

Kiswahili kina neno moja kwa kile cha shati na kile cha gerezani. Ngũgĩ alivipata vyote viwili. Mwisho wa mwaka 1977, baada ya tamthilia ya Kikuyu iliyochezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ kupigwa marufuku, alikamatwa na kuwekwa kizuizini Kamiti bila kufikishwa mahakamani. Humo ndani akaandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni.

Mimi nilivaa kibao cha mbao. Kidato cha kwanza, shule siitaji, kosa langu lilikuwa kumwambia mwenzangu "nipishe". Kamba yake ilikuwa ya katani, na katani ikishika jasho inawasha mpaka usiku. Ndiyo maana simwoni Ngũgĩ kama msomi anayenifundisha nadharia. Ananisimulia shingo yangu.

Ila kuna swali ambalo msomaji wa Kiswahili atabaki nalo, na afadhali alijue mapema. Kibao changu kilinikataza Kiswahili. Wapo wenzangu waliokatazwa Kigogo au Kihaya, na aliyewakataza alikuwa akisema Kiswahili. Kwa Ngũgĩ mambo yanakwenda wazi zaidi: lugha ya mama upande huu, Kiingereza upande ule. Weka pembeni yake Shaaban, aliyeandika "titi la mama li tamu, hata likiwa la mbwa" akikisifu Kiswahili, ilhali wazazi wake walikuwa wa asili ya Kiyao. Kwake titi la mama ni lile lililomnyonyesha, bila kuulizia ukoo. Nikiwasoma wawili hawa kwa zamu napata mazungumzo ambayo mmoja peke yake hanipi.

Na kweli walikaribia kukutana kwenye ukurasa mmoja. Juni 1962 waandishi wa Afrika waliitwa Makerere kwenye mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ alikuwa mwanafunzi hapo, ana hadithi fupi chache tu zilizochapwa, akaalikwa. Miaka zaidi ya ishirini baadaye ndiye anayekumbusha kwamba Shaaban Robert, ambaye yeye anamtaja kuwa mshairi mkubwa kuliko wote waliokuwa hai Afrika Mashariki wakati ule, hakuwa na sifa ya kualikwa kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Shaaban alifariki mwezi huohuo.

Mwanzoni mwa kitabu hicho Ngũgĩ anakiaga Kiingereza na kuahidi kwamba kuanzia hapo ni Kikuyu na Kiswahili moja kwa moja. Riwaya zake zilikuja kwa Kikuyu, kweli. Vitabu vyake vya insha na kumbukumbu vikaendelea kutoka kwa Kiingereza, na upande wa Kiswahili tuliendelea kusoma tafsiri. Alifariki Mei 2025. Namheshimu, na bado namdai.

Baldwin kwenye lugha yuko peke yake kwa namna fulani, maana hana lugha nyingine ya kurudia. Mababu zake walifungwa minyororo pamoja na watu wasioelewana, wakalazimika kuunda usemi mpya ndani ya lugha ya bwana. Mwaka 1979 aliandika kwenye New York Times kuutetea usemi huo wa Weusi kuwa ni lugha kamili, na sehemu inayoniuma zaidi ni ile inayohusu shule: mtoto hawezi kufundishwa na mtu anayemdharau. Ningeibandika mlangoni pa ofisi ya walimu, ile ya kidato cha kwanza.

Kifaru amekuja, kifaru kimekuja

Kimmerer nilimfikia mwisho, na kwa shingo upande. Kitabu chake Braiding Sweetgrass kilitoka mwaka 2013 na mtu aliyenipa alikisifu kwa ile sauti ya watu waliogundua chai ya mitishamba. Kwa kurasa hamsini niliona kama nasukumwa nilie. Kisha nikafika sura ya sarufi.

Babu yake alipelekwa akiwa na miaka tisa katika shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, mojawapo ya zile zilizojengwa ili kuwafuta watoto wa wenyeji lugha na desturi zao. Unaona tena kibao cha Ngũgĩ, ng'ambo nyingine ya bahari. Mjukuu anaanza kujifunza Kipotawatomi akiwa mtu mzima, wakati wazungumzaji wenye ufasaha wamebaki tisa. Anabandika vikaratasi nyumba nzima. Kinachomshinda ni vitenzi: asilimia 70 ya maneno ni vitenzi, wakati Kiingereza kina 30. Hata ghuba ni kitenzi, wiikwegamaa, "kuwa ghuba". Anakasirika, anataka kuacha. Halafu ghafla anaelewa: ghuba ni nomino ikiwa maji yamekufa. Kwenye kitenzi maji yako hai, leo yameamua kukaa kati ya kingo hizi, kesho yanaweza kuwa kijito au maporomoko.

Anaendelea kusema kwamba lugha hiyo inaiweka milima, moto, maji, hata mawe kwenye kundi la walio hai, ilhali Kiingereza kinamwita mnyama kwa neno lilelile la meza, "it". Anatoa mfano wa bibi yako akiwa jikoni, halafu umseme kwa neno la kitu. Msomaji wa Kiingereza anashtuka. Mimi nilicheka, maana sisi tunaweza, na tunajua tunachokifanya: "kizee kile kinapika supu." Hilo ni tusi, na kila mtoto wa Kiswahili anajua ni tusi bila kufundishwa ngeli.

Nikaweka kitabu chini nikaanza kujisikiliza. Kifaru akitoka kichakani tunasema amekuja. Cha jeshi kikitokea barabarani tunasema kimekuja. Jina moja, herufi moja haijabadilika, ila sarufi imeshakwambia kipi kina pumzi. Mbuyu je? Mbuyu umeanguka. Hausemwi kama simba, hausemwi kama kiti. Umekaa kwenye ngeli moja na mto, moto, mlima na moyo. Ni kweli ngeli hiyohiyo ina mkate na mfuko, kwa hiyo sitaki kuijengea dini. Lakini hakuna mwandishi mwingine kati ya hawa wanne aliyenifanya nikasikilize lugha yangu mwenyewe namna hiyo, na yeye hakuitaja hata mara moja.

Na huko ndiko anakomweka "mimi": magotini, chini, akiangalia kitu kingine. Alipoomba nafasi ya kusomea mimea alisema anataka kujua kwa nini maua ya njano na ya zambarau yanayochanua pamoja yanapendeza vile. Akaambiwa hiyo siyo sayansi. Baadaye mwanafunzi wake alifanya jaribio la ile nyasi tamu ya kusukia vikapu, na ile iliyovunwa kwa utaratibu wa wasukaji ilistawi kuliko iliyoachwa bila kuguswa. Anayekata ukindu kwa ajili ya mikeka hatashangaa sana.

Kwa Ngũgĩ viumbe wa porini wanaingia kwenye hadithi za jioni tu, sungura mdogo anawashinda wakubwa. Kwa Baldwin sikumbuki mti. Anayetaka wa karibu zaidi na nyumbani amsome Wangari Maathai, na ule mkuyu ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake kwa kuwa ni mti wa Mungu. Ila ile ni simulizi ya maisha, ndiyo maana sikumpanga hapa.

Kwa hiyo, hela ya kitabu kimoja

Kama unataka kuandika kwa Kiswahili, anza na Shaaban. Hakuna njia ya mkato. Soma kwa sauti, insha moja kwa siku, na usijali ukikereka na mawaidha. Sikiliza sentensi zinavyotua. Vitabu vyake bado vinachapwa, Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wamevirudisha kadhaa, na bei ni ya kibinadamu.

Ukiwa umewahi kuvaa kibao, au una mtoto shule ambako kusema Kiswahili ni kosa, chukua Ngũgĩ. Kiingereza chake ni chepesi, cha mhadhara. Soma sura ya kwanza yote. Sura ya riwaya unaweza kuiruka, haitakuandama.

Kimmerer ni mzito kwa begi na kwa mfuko, karibu kurasa mia nne, na anarudiarudia. Azima. Anzia sura ya sarufi, kisha rudi nyuma. Ukiwa umekulia shambani utaenda naye haraka kuliko mimi.

Baldwin ana Kiingereza kigumu kuliko wote. Alikuwa mhubiri akiwa na miaka 14, na sentensi zake ni ndefu kama za kanisani, mkato juu ya mkato, mpaka usahau ilianzia wapi. Usianze na insha za mwanzo kwenye Notes, zile zinabishana na riwaya ambazo huenda hujazisoma. Fungua katikati, kwenye kifo cha baba, halafu ruka hadi ile ya Leukerbad, ndiyo ya mwisho. Mkononi mwangu ndiye angeshinda. Wengine watatu wamenipa mambo ya kufikiri; huyu amenipokonya kisingizio.

Na asiye na hela kabisa, mwenye dakika kumi na simu, atafute "How to Write About Africa" ya Mkenya Binyavanga Wainaina, ya mwaka 2005. Anatoa maelekezo ya namna ya kuiandika Afrika vibaya, kwa uso mkavu kabisa. Utacheka, halafu utaangalia picha ulizopiga safari ya mwisho.

Nilimtumia mpwa wangu haya yote kwa sauti, dakika kumi na nne. Akanijibu jioni: "Ahsante mjomba. Nimepata Shaaban wa mtumba, hana jalada, elfu tatu." Akanipigia picha. Pembeni mwa kila insha mwanafunzi wa zamani ameandika kwa penseli, utangulizi, kiini, hitimisho. Kwenye moja, pale pa hitimisho, ameandika, akafuta, akaandika tena, kisha ameweka alama ya kuuliza.